Uzi: Mama alitangaziwa saratani ya figo, jibu la maabara likaja na jina jengine

MwanaMtambwe

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, pamoja na nyinyi mlio ng'ambo.

Khabari hii nimekaa nayo tangu Mfungo Mosi, nikisubiri mama apate nguvu na mwenyewe aridhie niiseme. Ameridhia. Naiandika kwa ukamilifu kwa sababu tulipokuwa katikati ya mtihani ule nilitafuta kwa Kiswahili mtu aliyepitia jambo kama letu na sikumpata.

Kwa zaidi ya mwaka mama alikuwa akilalamikia ubavu wa kushoto, maumivu mazito yanayoshuka kiunoni, pamoja na homa za jioni ambazo ikifika asubuhi huwa zimekwenda. Kila akienda kituo cha afya hupimwa mkojo, huambiwa ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, hupewa dawa za siku tano au saba, homa ikatulia, na baada ya wiki mbili tatu ikarudi pale pale. Mama ana miaka 58 na ana sukari. Hakuna aliyekaa akajiuliza kwa nini UTI inamrudia mtu yule yule mara sita ndani ya mwaka mmoja, na mimi mwanawe nimo katika hao.

Kilichonistua ni karafuu. Mama amechambua karafuu tangu utotoni na mkono wake haukosei. Usiku mmoja nilimkuta amekaa juu ya jamvi, mkono wa kulia unachambua na wa kushoto ameukandamiza ubavuni, na ndani ya pishi ya karafuu safi mlikuwa na makonyo, vile vijiti vinavyotakiwa kutolewa. Nilipomsaidia kuinuka, kanga aliyojifunga ilikuwa imemzunguka karibu mara mbili.

Kesho yake tukatafuta altrasaundi. Katika kituo kimoja cha binafsi ambacho sitakitaja, mpimaji aliona figo ya kushoto imekuwa kubwa kupita kiasi, ina jiwe katikati na uvimbe umetanda pembeni. Kwenye karatasi aliandika kwamba uvimbe ule unahitaji uchunguzi zaidi, lakini kwa mdomo alitwambia sisi watoto kuwa hiyo ni saratani na imeshakula figo yote. Neno hilo lilifika Mtambwe kabla yetu. Tulipoteremka kwenye gari tuliwakuta majirani wamejaa barazani, na jioni ile mama alisomewa Yasini hali ya kuwa amekaa kitako, macho makavu, anasikia kila kitu.

Kwa siku 12 alikataa kwenda popote. Alisema ikiwa ni saratani basi afadhali afe kitandani kwake kuliko kufia Bara. Siku hizo 12 ndizo zinazoniuma mpaka leo, maana homa ilikuwa ikipanda na usaha ukizidi kutafuta njia ndani ya mwili wake, na kilichomzuia asitibiwe hakikuwa maradhi, lilikuwa ni neno moja lililotamkwa kabla ya wakati wake.

Hatimaye tulivuka kwa boti kutoka Mkoani hadi Unguja, na kutoka Unguja tukapewa rufaa ya Dar es Salaam. Daktari bingwa wa njia ya mkojo alitugeuzia picha ya CT tuitizame pamoja naye. Jiwe lilikuwa na matawi, limejaa ndani ya mashimo ya figo mithili ya kipande cha tumbawe, na kulizunguka kulikuwa na vifuko vyeusi vya majimaji mazito vilivyojipanga duara. Alituambia kuwa mpangilio huo madaktari wanauita unyayo wa dubu. Figo yenyewe ilikuwa haitoi mkojo tena. Kisha akasema maneno niliyoyahifadhi: "Hii yaweza kuwa saratani, na yaweza kuwa maambukizi ya zamani yaliyovaa sura ya saratani. Picha peke yake hainitoshi kuapa. Kwa vyovyote vile figo hii imekufa na inamdhuru, kwa hiyo ni lazima itoke."

Mama alilazwa, akatiwa dawa kwa njia ya mshipa, akawekewa mpira mgongoni wa kutolea usaha, akaongezwa damu, na sukari ikateremshwa kwanza. Baada ya karibu wiki tatu ndipo alipopasuliwa. Kazi ilichukua saa nne kwa sababu figo ilikuwa imegandana na misuli ya mgongo. Jibu la maabara lilitoka wiki tatu baadaye: hakuna seli za saratani. Maradhi yaliyoandikwa ni pielonefritisi ya zanthogranuloma, yaani yale maambukizi ya zamani ya figo yanayovaa sura ya saratani.

Leo mama anakwenda mwenyewe kisimani. Anayetaka kuuliza aulize, nitajibu ninachokijua.

Mkaazi wa Micheweni

Waalaykum salaam. Mpe mama pole, na tunamshukuru Mungu kwa kumrudishia afya. Naomba kufahamishwa jambo moja tu: mimi najua maambukizi huleta usaha na homa. Inakuwaje maambukizi yaote uvimbe mpaka daktari aone saratani?

Nesi Mstaafu

Mwanangu MwanaMtambwe, nisalimie mama sana. Nilifanya kazi wodi ya upasuaji kwa miaka 31, na maradhi haya niliyaona mara mbili tu. Kwa idhini yako nitamjibu Mkaazi wa Micheweni, kwa sababu swali lake ndilo lenye ufunguo.

Mkojo umeumbwa uwe unateremka daima, kutoka kwenye figo kupitia mrija mwembamba hadi kwenye kibofu. Njia ikizibwa, na mara nyingi kinachoziba ni jiwe, mkojo husimama, na mkojo uliosimama ni makaazi ya vijidudu. Katika maradhi haya hukutwa zaidi vijidudu vya Proteus na E. koli. Huyu Proteus ana tabia mbaya ya peke yake: huivunja urea iliyomo kwenye mkojo na kuifanya amonia, mkojo ukapoteza ukali wake wa tindikali, na madini ya magnesiamu na fosfeti yakaanza kuganda. Yaani mdudu hulijenga jiwe, na jiwe nalo humficha mdudu. Dawa za siku saba huua wale waliomo kwenye mkojo unaopita, homa ikashuka, lakini waliojificha ndani ya jiwe hubaki salama na kuzaana upya. Hiyo ndiyo maana ya ile UTI ya mama kurudi mara sita.

Sasa tuje kwenye uvimbe. Mwili hupeleka askari wake, seli kubwa ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na kufagia mabaki. Vita vikidumu miezi na miezi, askari hawa hubaki pale pale wakimeza mafuta yanayotoka kwenye nyama ya figo iliyokufa, hushiba mafuta yasiyosagika, na hawana tena pa kwenda. Hurundikana safu juu ya safu, figo ikavimba na kuwa ngumu. Hiyo ndiyo "granuloma". Ama "zantho" ni neno la Kiyunani lenye maana ya manjano, kwa sababu figo hiyo ikipasuliwa hukutwa na madonge ya rangi ya kiini cha yai lililochemshwa. Nimeiona kwa macho yangu ndani ya beseni la chumba cha upasuaji na sijaisahau rangi ile.

Si maradhi mapya. Daktari Schlagenhaufer aliyaeleza mwaka 1916, na kwa hesabu ya wataalamu hayafiki hata 1 katika kila 100 ya maambukizi sugu ya figo. Huwapata zaidi wanawake, hasa wa umri wa miaka 50 na 60, na wenye sukari wamo katika hatari kubwa zaidi. Mtizameni mama yetu: mwanamke, miaka 58, sukari, jiwe, UTI isiyokoma.

Mkaazi wa Micheweni

Nimefahamu, Bibi, ahsante sana. Lakini kama dalili zilikuwa wazi hivyo, kwa nini daktari bingwa wa Dar es Salaam naye hakuapa?

Nesi Mstaafu

Kwa sababu ni mkweli, mwanangu.

Saratani ya figo humkondesha mtu, humpunguzia damu, humletea homa, huvuruga hata vipimo vya ini. Maradhi haya hufanya yote hayo, na vile vipimo vya ini mara nyingi hurudi kuwa sawa vyenyewe figo ikishatolewa. Saratani hutoka nje ya mipaka ya figo na kushika nyama za jirani. Haya nayo hutoka. Mwaka 1978 madaktari Malek na Elder waliyagawa kwa daraja tatu: yakiwa ndani ya figo tu, yakiwa yameshafika kwenye mafuta yanayoizunguka, na yakiwa yamevuka hadi kwenye misuli ya mgongo, utumbo au ukuta wa tumbo. Yako mafundo yanayotoboa mpaka nje, usaha ukatoka kwenye ngozi ya kiuno. Kwa tabia hiyo ya kuiga, wakubwa wa fani wameyapa jina la mwigaji mkuu.

Mara nyingi, zaidi ya wagonjwa wanane katika kumi, figo nzima huwa imeshikwa, na hapo jiwe lenye matawi na vile vifuko humsaidia daktari kukisia vizuri. Wanaobaki huwa wameshikwa sehemu moja tu ya figo, donge lililokaa peke yake, na donge la namna hiyo kulipambanua na saratani kwa picha ni kazi nzito mno. Kuotesha mkojo maabara, yaani kuvikuza vijidudu vilivyomo ili vijulikane, nako hakutoshi. Njia ikiwa imezibika kabisa, mkojo unaokojolewa ni wa ile figo yenye afya ya upande wa pili, kwa hiyo maabara inaweza kusema mkojo hauna kitu, na huku upande uliozibika usaha umejaa.

Hata chini ya hadubini kuna mtego. Iko aina ya saratani ya figo, na ndiyo iliyo nyingi kuliko zote, ambayo seli zake ni angavu kwa kujaa mafuta na sukari. Zile seli za askari walioshiba mafuta hufanana nazo. Kwa hiyo mtaalamu wa maabara huzitia rangi maalumu zinazoshika seli za kinga na nyengine zinazoshika seli za saratani, ndipo akaandika jibu. Zile wiki tatu mlizosubiri, MwanaMtambwe, hazikupotea bure.

Mpwa wa Donge

Assalaam alaykum. Nimeusoma uzi huu usiku kucha na umenipa matumaini ambayo sikuwa nayo. Ami yangu ana miaka 63. Alipimwa altrasaundi kwa ajili ya mambo mengine, wakaona donge kwenye figo ya kulia, na CT ikaonyesha lina sentimita tano. Amepangiwa kupasuliwa baada ya wiki mbili. Hana homa, hana jiwe, na hajawahi kuambiwa ana UTI. Jana usiku niliwasomea maneno haya wazee, na sasa nyumba nzima inataka kuakhirisha upasuaji ili kwanza ajaribiwe dawa za maambukizi kwa miezi miwili. Naomba mnishauri.

MwanaMtambwe

Kaka yangu, nakuomba kwa jina la Mungu msiakhirishe. Nimeingiwa na khofu kuyasoma maneno yako, maana sikuandika ili mtu abaki nyumbani. Mimi nilipoteza siku 12 kwa sababu ya neno saratani, na sitaki ami apoteze miezi miwili kwa sababu ya neno maambukizi. Mama yangu figo ilitoka. Hakuponeshwa na vidonge.

Nesi Mstaafu

Mpwa wa Donge, sikiliza kwa makini na uwasomee wazee haya kama ulivyowasomea yale ya mwanzo.

Khabari ya ami haifanani na ya mama yake MwanaMtambwe. Donge lililokaa peke yake ndani ya figo inayofanya kazi, kwa mtu asiye na homa, asiye na jiwe, asiye na historia ya maambukizi, kwa sehemu kubwa huwa ni saratani, na daktari aliyempangia upasuaji ana haki ya kuwa na haraka. Maradhi tunayoyazungumza hapa ni nadra. Kuwepo kwake hakulifanyi kila donge kuwa ni maradhi hayo.

Mnachoweza kukifanya ndani ya wiki hizo mbili ni kumwendea daktari kwa adabu na kumuuliza kama picha inaonyesha dalili yoyote ya maambukizi au ya kifua kikuu cha figo, ambacho nacho huiga, na kama kuchukua kipande cha nyama kwa sindano kutabadilisha uamuzi wake. Kwa baadhi ya wagonjwa husaidia. Lakini mjue kwamba sindano inaweza kuangukia mahali penye uvimbe wa maambukizi ikaiwacha saratani iliyo kando yake, kwa sababu mambo haya mawili yamewahi kukutwa pamoja ndani ya figo moja. Muulizeni pia kama kwa ukubwa wa sentimita tano anaweza kutoa donge tu na kuibakisha figo. Yeye ndiye anayeiona picha, mimi siioni.

Ni kweli wako wagonjwa wachache, na watoto wamo, ambao walishikwa sehemu moja ya figo, maradhi yakajulikana kwa uhakika, wakatibiwa kwa dawa au kwa kukatwa sehemu ile peke yake. Hao walijulikana kwanza. Hawakukisiwa.

Maalim wa Chambani

Natoa shukrani kwa Bibi Nesi na kwa mwenye uzi. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, na nina swali linalohusu visiwa vyetu. Sote tumekua na kichocho. Wanafunzi wangu bado wanameza prazikwanteli, dawa ya kichocho, na wapo wanaoingia mabondeni na kwenye vijito kila siku. Je, kichocho kinaweza kumfikisha mtu kwenye maradhi haya?

Nesi Mstaafu

Maalim, nashukuru kwa swali hili, na nitajitahidi nisiseme zaidi ya ninachokijua. Kichocho chetu, Unguja na Pemba, ni kile cha njia ya mkojo. Mayai ya mnyoo hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kwenye sehemu ya chini ya mirija inayotoka kwenye figo. Mtoto hukojoa damu mwishoni mwa mkojo, na sote tunaijua dalili hiyo. Asipotibiwa kwa miaka, makovu huufanya mrija uwe mwembamba, mkojo ukarudi nyuma na figo ikatanuka. Maradhi ya mama yake MwanaMtambwe hutanguliwa na kuziba pamoja na maambukizi sugu, na kinachoziba zaidi ni jiwe. Kichocho si sababu yake ya moja kwa moja, lakini mrija uliozibika kwa kovu ni mrija uliozibika, na figo iliyotanuka huwapa vijidudu nafasi. Kwa hiyo mzee aliyewahi kukojoa damu utotoni na sasa ana maumivu ya ubavu yasiyokwisha anastahili altrasaundi ya figo, asipewe tu vidonge.

Wakati wetu sisi ugawaji wa dawa ulikuwa wa kubahatisha. Kampeni kubwa za kuanzia 2012 zilizopita visiwa vyote viwili, pamoja na kazi ya maabara ya afya ya Ivo de Carneri pale Wawi, Pemba, tangu ilipofunguliwa mwaka 2000, zimekishusha kichocho mno. Wanafunzi wako wana bahati kuliko sisi. Waambie wameze.

Mzee wa Shumba

Jiwe la figo lina dawa zake za mizizi na wazee wetu walikuwa wakizitumia. Kwa nini mtu akimbilie kukatwa?

MwanaMtambwe

Shikamoo mzee wangu. Nakujibu kwa heshima, kwa kuwa sisi pia tulimpa mama maji ya mizizi kwa muda wa mwezi mmoja. Jiwe lake nililiona baada ya kutolewa. Lilikuwa limejaa kiganja changu, lina matawi manne, na kila tawi limechukua sura ya shimo la figo lililokuwa ndani yake. Jiwe dogo kama punje ya mtama hutoka lenyewe kwa kunywa maji, na pengine ndilo wazee walilokuwa wakilitibu. Lile la mama halikuwa na mlango wa kutokea. Isitoshe, daktari alitukataza kumpa dawa za kuchemsha baada ya upasuaji, kwa sababu amebakiwa na figo moja na hatujui kilichomo ndani ya maji yale.

Mkaazi wa Micheweni

Na hiyo figo moja, kaka, inamtosha? Maradhi hayawezi kuhamia upande wa pili?

MwanaMtambwe

Inamtosha, alhamdulillahi. Daktari alitueleza kuwa maradhi haya kushika figo zote mbili ni jambo adimu sana, na figo nzima moja humtosheleza mtu maisha yake yote ikiwa itatunzwa. Kinachomtisha daktari zaidi sasa ni sukari na presha. Kila baada ya miezi mitatu anapimwa damu kuangalia kazi ya figo, na mkojo pia. Akipata homa hatumpi vidonge vya dukani, tunampeleka mkojo ukaoteshwe kwanza. Dawa za maumivu za kununua kiholela, kama vile diklofenaki aliyokuwa akiimeza kwa ajili ya ubavu, amekatazwa kabisa.

Karatasi ya maabara tumeitia plastiki. Kila daktari mpya akiuliza kwa nini figo ilitolewa, mama huitoa kwenye mkoba wake.

Mpwa wa Donge

Assalaam alaykum. Imepita miezi miwili na nusu, nimerudi kwa sababu naona nina deni kwenu.

Wazee walikubali, na ami alipasuliwa siku ile ile aliyopangiwa. Walitoa donge pamoja na sehemu ndogo ya figo, figo ikabaki. Jibu la maabara tulilipata wiki iliyopita: ni saratani ya seli angavu, ile aliyoitaja Bibi Nesi. Wameandika kuwa ilikuwa ndani ya figo tu na kingo za pale walipokata hazina kitu. Ami amelipokea jibu kwa utulivu kuliko sisi sote. Aliniambia nikuulizeni kama kuna chakula anachopaswa kujizuia nacho.

Nesi Mstaafu

Mpe ami mkono wangu wa pole na wa pongezi. Chumvi apunguze, sigara awache ikiwa anavuta, presha ipimwe kila wiki, na maji anywe ya kutosha. Mengine ni juu ya daktari wake. Amepangiwa lini kurudi kwenye CT?

Mpwa wa Donge

Baada ya miezi sita, Bibi. Nauli ya boti tumeshaanza kuiweka.